Ukurasa wa Jana

Maalim husikiliza akiwa amefumba macho. Mwanafunzi ameketi mbele yake mkekani, msahafu umefungwa juu ya marufaa, na kisomo kinakwenda. Mkononi mwa Maalim mna ufito mwembamba ambao sijaona ukimgusa mtoto yeyote. Kazi yake ni kugonga mkeka. Ukigonga mara moja, kuna kosa, lakini Maalim hasemi ni lipi. Mtoto hurudi aya moja nyuma, akafika palepale, na mara nyingi ulimi hujirekebisha wenyewe. Ukigonga tena, hurudi aya tatu. Ukigonga mara ya tatu, Maalim hufumbua macho na kutamka neno moja tu: "Kesho."

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiketi nyuma ya chuo hiki, huku Ngamiani, Tanga, alasiri baada ya alasiri, na sijachoka kutazama. Watu wengi huisifu hifdhi, kuhifadhi Kurani kwa moyo, kwa matunda yake, yaani kijana mdogo anayesoma Kurani nzima bila kutazama. Mimi nimependa kazi yenyewe, jinsi inavyofanywa siku ambazo hakuna mtu wa kuisifu.

Kurani ina juzuu 30 na sura 114. Msahafu unaotumika hapa ni wa chapa ya Madina, wenye kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, nao umepangwa hivi kwamba kila ukurasa huishia pale aya inapoishia. Mwenye kuhifadhi hushikamana na chapa moja, kwa sababu jicho nalo linahifadhi: aya hii iko juu kulia, ile iko chini karibu na ukingo. Mbadilishie chapa, atahangaika kama mpishi aliyehamishiwa vyombo vyake usiku. Anayechukua nusu ukurasa kwa siku atahitaji siku 1,208, yaani zaidi ya miaka mitatu, na hiyo ni kama hakukosa hata siku moja.

Mwanzo ni mtamu. Watoto huanza na juzuu ya mwisho, Amma, yenye sura fupifupi 37. Sura ikiisha, habari hufika nyumbani kabla ya mtoto, na bibi hutoa visheti. Baada ya juzuu chache za mwisho, chuo hiki huwavusha hadi upande wa pili, kwenye Suratul Baqara. Hapo ndipo mikeka huanza kupungua watu. Baqara ina aya 286. Ni kurasa 48, karibu juzuu mbili na nusu, na katikati yake hakuna kituo cha kusimama ukapigiwa vigelegele. Miezi inapita, jirani anauliza mtoto amefika sura gani, jibu ni lilelile.

Nilitaka sana kuona Maalim anafanya nini hapo. Nilitarajia mawaidha, labda ahadi ya zawadi. Hakufanya hata kimoja. Alipunguza. Mtoto aliyekuwa akichukua nusu ukurasa alipewa mistari mitatu, ila mistari hiyo haikuwa na likizo. Ilikuwepo siku ya mvua, ilikuwepo siku ya mtihani wa shule, ilikuwepo siku ya harusi ya dada. Wala hakumuuliza kama ana hamu. Swali lake kwa kila anayeketi mbele yake ni moja: "Umefika wapi?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nadhani Maalim anaitendea hamu hivyohivyo. Haidharau inapokuja. Anaikirimu kwa sura fupi na visheti, kisha anaipa kazi.

Kazi yenyewe inaitwa murajaa, kurudia yaliyokwisha kuhifadhiwa. Alfajiri, kabla ya shule, mtoto huchukua mistari mipya. Alasiri huisikilizisha pamoja na kurasa za siku zilizotangulia. Baada ya magharibi wanakaa wawiliwawili, mmoja ameshika msahafu na mwingine anasoma juzuu za zamani. Hakuna ukurasa mpya kabla ya ukurasa wa jana kusikilizwa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, kisha upotevu hupungua kasi, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko marudio ya mkupuo. Vyuo kama hiki vilikuwa vikiishi kwa elimu hiyo kabla yake, bila kuiandika.

Ukurasa mpya una raha yake. Ukurasa wa jana hauna raha ya namna hiyo; unajulikana, umekwisha kusifiwa, na ukiuacha leo hakuna atakayegundua. Kwa hiyo ndio unaompima mtu.

Na ndani ya kurasa hizo za zamani kuna mitego. Aya ya 151 ya Suratul An'am na aya ya 31 ya Suratul Isra zote zinakataza wazazi kuua watoto wao kwa ajili ya umaskini, na maneno yake yamekaribiana mno. Moja inataja riziki ya wazazi kwanza kisha ya watoto. Nyingine inataja ya watoto kwanza kisha ya wazazi. Ulimi ukivuka hapo kwa uzembe, msomaji anajikuta ameingia sura nyingine na hajui alipitia mlango gani. Wiki iliyopita mvulana wa miaka kama kumi na miwili alinasa hapo hapo, ukurasa wa 148. Ufito ukagonga mara tatu. "Kesho."

Kesho yake Maalim alimweleza kwa upole. Katika An'am umaskini umekwisha kuingia nyumbani, basi mzazi mwenye njaa ndiye anayetulizwa kwanza. Katika Isra umaskini unaogopwa tu, haujafika, basi mtoto anayehofiwa kuwa mzigo ndiye anayetajwa kwanza. Mvulana alikaa kimya, akasoma, akapita. Nilimwona akitabasamu. Aya aliyoipita mara nyingi ilikuwa imempa kitu ambacho hakikuwepo siku aliyoipokea.

Aya ile niliwahi kuwa nayo. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa na juzuu kumi na moja, tatu za mwisho na nane za mwanzo. Nilipenda kusonga mbele, nilipenda kutajwa, na yaliyopita niliyaacha nyuma nikidhani ni yangu tayari. Leo nimebaki na Amma, Mulk na vipande. An'am ikisomwa msikitini naisikia kama nyumba tuliyohama: najua mlango uko wapi, siwezi kuingia. Hilo linaniuma, na sitaki kulipunguza.

Anayenipa moyo ni dereva mmoja wa bodaboda anayeswali nasi. Amehifadhi Kurani yote, na hupitia juzuu nzima kila siku: kurasa nne kwa kila swala, swala tano, kurasa ishirini, mwezi ukiisha amemaliza. Kijiweni utaona midomo yake ikicheza. Abiria akija, hunyamaza. Akimshusha, huendelea alipoishia. Ramadhani husimama safu ya kwanza nyuma ya imamu wa tarawehe, ili imamu akikwama yeye amkumbushe. Nilimuuliza kama huamka na hamu ya kurudia kila siku. Akasema siku nyingi huanza hana. "Hunikuta njiani," akasema, "ukurasa wa pili, wa tatu. Ila lazima inikute natembea."

Juzi baada ya alasiri watoto walipokuwa wakikunja mikeka, nilitoka nyuma nikasogea mbele ya Maalim. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu ya miaka thelathini. Hakuyahitaji.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"An'am, Maalim. Ukurasa wa 128. Mistari mitatu."

Akafumba macho.