Maqamu au Skeli? Istilahi za Kiswahili na Albamu ya Mulatu Astatke

Albamu ya Mulatu of Ethiopia, iliyorekodiwa New York na kutolewa mwaka 1972, ni kipimo kizuri cha uwezo wa Kiswahili kuhakiki muziki usiotegemea maneno. Kiongozi wake, Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma, hupiga vaibrafoni: marimba ya chuma yenye mirija chini ya vibao, na mota inayozungusha visahani midomoni mwa mirija hiyo hadi sauti ikatetema. Humu hajikwezi. Besi hurudia kauli fupi, filimbi na saksafoni hupokezana, nayo vaibrafoni hudondosha noti chache na kuziacha zififie zenyewe.

Ni rahisi kudai kwamba utulivu huo unatokana na upole wa ala. Naona sababu ni nyingine. Jazi ya awali aghalabu ilisukuma wimbo kwa kubadilisha mafungu ya sauti zipigwazo pamoja. Miles Davis aliiacha njia hiyo mwaka 1959 katika Kind of Blue. Mulatu naye hukaa ndani ya noti tano za qenet, mfumo wa Ethiopia wenye aina nne kuu: tizita, bati, ambassel na anchihoye. Msikilizaji hangoji kufika, amekwisha kufika.

Tuiiteje qenet? “Skeli” ni ngazi ya noti tu, ilhali tizita ni jina la noti, la wimbo, na la kumbukumbu yenye majonzi. Wanataarabu wa Zanzibar wana neno maqamu, linalobeba noti pamoja na mwenendo na hisia zake. Noti zenyewe hazilingani na za Ethiopia, lakini dhana ni jirani, nami nalipendekeza. (Liandikwe kwa q, tusije tukalichanganya na makamu wa mwenyekiti.)

Mpaka wa neno hilo unaonekana hapa Kampala. Amadinda ya Buganda ina vibao 12, noti tano na wapigaji watatu: wawili hutazamana, kila mmoja akijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake, wa tatu hudokoa vibao viwili vya juu. Anayeiita maqamu kwa hesabu ya noti ameikosa, kwani uhai wake umo katika kufumana kwa mikono. Luganda inayo maneno ya kazi hizo: okunaga, okwawula na okukoonera. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Waandaaji wa istilahi hawana udhuru wa kuyaruka maneno hayo na kukimbilia Kiingereza.