Serikali, Kalamu na Kamari

Utamaduni, umiliki wa vyombo vya habari na kamari huonekana kuwa mambo matatu yasiyojuana. Utamaduni hutajwa katika sherehe za taifa, ngoma zikilia. Umiliki wa magazeti na redio huzungumzwa na mawakili na matajiri. Kamari husemwa kwa sauti ya chini, na aghalabu na mzazi aliyekwisha kupata hasara. Walakini, msomaji kijana, ukichungulia vema hapa Kenya utaona ya kuwa mambo haya hupikwa katika chungu kimoja. Nakuomba tuyatazame pamoja, kisha tuamue kama serikali imeyasimamia ipasavyo.

Tuanze na sheria. Mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru, Bunge lilitunga sheria ya kusimamia kamari na bahati nasibu, na ikaundwa bodi ya kutoa leseni. Kwa siku zake sheria ile ilitosha. Kamari wakati huo ilikuwa na mahali pake: uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, nyumba chache za kamari mijini, na tiketi za bahati nasibu. Aliyetaka kucheza alilazimika kuvaa, kulipa nauli na kuonekana na watu njiani. Umbali ulikuwa askari, na haya ilikuwa askari wa pili.

Mwezi wa Machi mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza, na fedha zikaingia katika simu ya mkononi. Hilo lilikuwa jambo jema. Mama aliye kijijini akapokea fedha za mwanawe wa mjini bila kungoja basi. Lakini njia ile ile iliyompelekea mama fedha iliwafikisha pia wenye kamari hadi kitandani kwa kijana. Askari wetu wawili, umbali na haya, waliachishwa kazi siku moja. Sheria ya 1966 haikuwa na habari ya simu, na ilikaa karibu miaka 60 kabla ya kupokewa na sheria mpya mnamo Agosti mwaka 2025. Hilo ndilo kosa la kwanza la serikali: ilichelewa. Ufa uliachwa mpaka ukawa wa kujengewa ukuta.

Katika miaka hiyo ya kuchelewa serikali haikulala. Ilishughulika sana na kodi. Hebu fuata mwendo wake. Mwanzoni mwa mwaka 2018 kodi ya kampuni za kamari ilipandishwa kufikia asilimia 35 ya mapato yao, na mwaka huo huo ikashushwa hadi asilimia 15. Mwaka 2019 ukawekwa ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka 2020 ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukawa 12.5, na mwishoni mwa 2024 ukafika 15. Mwaka 2025 ukabadilishwa tena, ukawa asilimia 5 ya fedha anazoweka mchezaji katika akaunti yake ya kamari. Mwalimu akibadili kanuni za darasa kila muhula, je, wanafunzi watajifunza kanuni, au watajifunza kungoja zibadilike? Sheria ya namna hii haimkanyi mtu. Inafanana na bei sokoni, ambayo hupatanwa kila kukicha.

Kwa nini serikali ilisitasita hivyo? Jibu li katika jambo ambalo wengi hawalitazami. Mwaka 2018 uliundwa mfuko wa umma wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, na chemchemi yake ikafanywa kuwa kodi za kamari na bahati nasibu. Tafakari maana yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Basi msingi huo sasa unanyweshwa na kisima cha kamari. Wachezaji kamari wakiwa wengi, mfuko hujaa. Wakiacha, mchezaji wa tamthilia na mkimbiaji wetu hukosa nauli. Mlinzi amepewa mshahara na yule anayemlinda asiibe.

Nisiwe mwonevu. Wapo wanaosema, na wana haki ya kusikilizwa, ya kuwa fedha hizi zilifanya kazi njema. Mwezi wa Julai mwaka 2017 klabu ya Gor Mahia ilicheza na Everton ya Uingereza mjini Dar es Salaam, ikafungwa mabao 2 kwa 1, na vijana wa Afrika Mashariki wakaona kwa macho yao wachezaji waliozoea kuwaona katika televisheni. Vifuani mwa timu zote mbili lilikuwa jina moja, nalo ni la kampuni ya kamari. Ni furaha ya kweli ile, wala siikani. Lakini Januari iliyofuata, kodi ilipopanda, kampuni ile iliondoa udhamini wake katika michezo ya Kenya, na klabu zikabaki zikitazamana. Michezo yetu ilikuwa imejenga nyumba katika kiwanja cha kupanga.

Sasa tuigeukie kalamu. Mwaka 1964 serikali iliitwaa redio ikaifanya Sauti ya Kenya, na kwa muda mrefu sauti hiyo ilikuwa ya serikali peke yake. Kituo cha kwanza cha televisheni kisicho cha serikali kilianza mwaka 1990. Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inaikataza serikali kuvitawala vyombo vya habari au kuviingilia. Hata hivyo tarehe 30 Januari mwaka 2018 vituo vitatu vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa amri ya serikali. Kwa hiyo hofu ya mkono wa serikali ni ya haki. Lakini katiba hiyo haisemi neno juu ya mkono mwingine, ule unaolipia matangazo.

Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Mkono uliojaa, basi, hulambwa na wengi. Fungua gazeti, msomaji, uone: katika ukurasa wa tahariri kijana anaonywa juu ya kamari, katika ukurasa wa michezo anaelekezwa namna ya kucheza na zawadi atakayopata. Washa redio asubuhi, na mtangazaji yule yule anayekupa habari za dunia atakushawishi utume fedha kidogo ujaribu bahati. Sisemi ya kuwa wahariri ni watu wabaya. Nasema kwamba mhariri hawezi kuuma kidole kinachomlisha bila kufikiri mara mbili, na katika kule kufikiri mara mbili habari nyingi hufa kabla ya kuzaliwa. Gazeti la Baraza, lililoanza mwaka 1939, liliwapa wasomaji wake nafasi ya kutunga na kujibizana kwa mashairi. Nafasi katika gazeti ni kama shamba: litakalopandwa humo ndilo taifa litakalokula.

Na hicho kinachopandwa ni nini? Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme timu mbili zina nguvu sawa na sare haihesabiwi. Bei ya haki kwa shilingi 100 ni kurudishiwa 200 ukishinda. Mwenye kamari hukupa 190. Watu wawili wakiweka 100 kila mmoja, huyu upande huu na yule upande wa pili, yeye hupokea 200 na kulipa 190. Shilingi 10 ni zake, hata ashinde nani. Sasa unganisha mechi 5 za namna hiyo katika tiketi moja. Katika kila shilingi 100, wastani wa kurudi ni kama 77 tu. Na ile zawadi kuu ya kubashiri mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu? Zidisha 3 kwa 3 mara hizo zote: njia ni 129,140,163, na wewe umeshika moja. Hesabu hii ni ya darasa lako. Sijapata kuiona imechapishwa kando ya tangazo lolote.

Serikali ifanyeje? Kuipiga kamari marufuku kabisa kutaipeleka vichochoroni, ambako hakuna leseni wala umri wa mchezaji hauulizwi. Njia ya kati ipo. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Lililowezekana kwa siku 30 laweza kuwekwa kwa sheria ya kudumu, hasa katika saa ambazo watoto hawajalala. Sheria mpya ya 2025 imeunda mamlaka mpya na kuweka dau la chini la shilingi 20. Tutaipima kwa ujasiri wake wa kulinda, wala si kwa wingi wa kodi itakayokusanya. Tena fedha za sanaa na michezo zitoke katika hazina ya wote, ili mshairi asiombe mvua inyeshe juu ya hasara ya jirani yake. Na kila gazeti na kituo kitangaze mara moja kwa mwaka ni sehemu gani ya mapato yake imetoka katika kamari. Msomaji akijua anayelipa, atajua namna ya kusoma.

Mchuma janga hula na wa kwao. Shilingi 50 iliyopotea usiku katika simu ilikuwa nauli ya mtu, au unga wa nyumba, au daftari lako. Serikali inayosema utamaduni ni msingi wa taifa haina budi kuchagua kati ya msingi huo na kodi ya kuubomoa. Nawe, utakapofika umri wa kupiga kura, uwaulize wanaoomba kura yako wamechagua lipi.