Feki, Bandia na Ghushi: Uhakiki wa Matumizi ya Neno Moja

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vilivyopata makazi katika Kiswahili cha Dar es Salaam, vichache vimekaa kwa raha kama "fake". Katika soko la Tandika, Mbagala, Tandale na Mwananyamala, neno hili huitwa feki, na kinyume chake ni orijino. Simu huwa feki, dawa huwa feki, cheti huwa feki, na hata rafiki aweza kuwa feki. Katika makala haya hatukusudii kulifukuza neno hili. Tunakusudia kuchunguza kazi linayoifanya, na maneno ambayo limeyanyang'anya kazi.

Kwa umbo, feki limeingia kwa njia ileile iliyotupatia keki na breki. Halichukui viambishi vya ngeli: twasema simu feki, vyeti feki, mtu feki. Katika hilo halina ugeni wowote, kwani safi, rahisi na ghali nayo hayabadiliki. Tena limekwisha kuzaa kitenzi: vijana husema kwamba fulani "anafeki maisha" anapojionyesha kuwa na ukwasi asio nao. Hata huko Uingereza lilianza katika lugha ya walaghai na wezi wa London kabla ya kupata heshima. Kwa hiyo hoja ya kwamba tuliache kwa sababu ni la kigeni haina nguvu. Ghushi nalo lilitoka Uarabuni, na leo hakuna anayeliuliza kwao ni wapi.

Shida iko kwingine. Kabla ya feki, Kiswahili kilikuwa na maneno kadhaa yaliyogawana kazi hii, na kila moja lilikuwa na mpaka wake. Bandia ni kitu kilichofanywa kwa mfano wa kingine. Mtoto wa bandia ni wa kuchezea, na meno ya bandia humsaidia mzee kula. Hapo hapana udanganyifu. Bandia huwa kosa pale inapouzwa kwa jina la kitu halisi. Ghushi lina nia mbaya ndani yake: aliyeghushi hati ametengeneza hati ya uongo ili adanganye, na mahakama zetu hulitumia neno hilo kwa maana hiyo. Hafifu ni kitu cha kweli ambacho ubora wake ni mdogo. Na kuchakachua, neno lililovuma sana mnamo mwaka 2010 kwa habari ya dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, ni kukiharibu kitu halisi kwa kukitia kingine. Feki limeyameza yote manne. Linatuambia kwamba tumepunjwa, bila kutueleza tumepunjwaje wala na nani.

Mfano wa kwanza ni wa mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu ambazo namba zake tambulishi hazikuwa halali. Serikali ilizungumzia simu bandia. Mitaani zikaitwa simu feki. Lakini mitaani feki lilikwisha kuzoeleka kwa simu yoyote ya bei nafuu, hasa iliyotoka China. Kigezo cha Mamlaka hakikuwa bei wala nchi. Simu duni yenye namba halali iliendelea kufanya kazi, na simu yenye nakshi na jina kubwa la kuiba ikanyamaza. Aliyeongozwa na neno la mtaani hakuweza kujua yake itakuwa katika kundi lipi mpaka abonyeze *#06# na kuihakiki namba yake.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwezi Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Taarifa hiyohiyo ilitenga makundi mengine: wale ambao cheti kimoja kilitumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na wale ambao vyeti vyao vilikuwa pungufu. Haya ni mambo matatu. Katika kundi la pili, mmoja aweza kuwa mwenye cheti na mwingine mwizi. Katika la tatu, huenda mtu amepungukiwa karatasi tu. Lakini vijiweni wote walikuwa "watu wa vyeti feki". Neno lililotosha kumtania mwenye saa ya kuiga halitoshi kumhukumu mtu ambaye mshahara wake na jina lake vimo hatarini.

Katika dawa pia mpaka huu ni wa lazima. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani hutenganisha dawa zilizoghushiwa na dawa zisizofikia viwango. Dawa iliyotengenezwa kwa uaminifu yaweza kuharibika kwa joto la ghala; mkosaji hapo si mtengenezaji. Mgonjwa wa Mbagala akiambiwa tu kwamba dawa ni feki, huenda akakimbia zahanati badala ya kulikimbia boksi moja.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hujitembeza kikiwa kimevaa nguo za kizuri, na mnunuzi anahitaji maneno ya kumvulia nguo hizo. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Bidhaa hafifu ni kazi ya Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Hati ya kughushi ni kazi ya polisi. Tunashauri kwamba feki liachiwe mazungumzo ya sokoni, ambako limejipatia haki yake, na kwamba magazeti, walimu na matangazo ya umma wasiliache lisimame peke yake penye shauri la mali, afya au kazi ya mtu. Mama wa Tandika aliyeuziwa pasi iliyoungua siku ya pili anastahili kujua kwanza kama ni bandia au ni hafifu, ili ajue mlango wa kubisha.