"Kuelewana" na Jedwali Lililokatwa Nusu: Uhakiki wa Fasili Moja ya Lahaja

Fasili ya lahaja inayorudiwa sana madarasani husema kwamba lahaja ni vilugha vya lugha moja ambavyo wasemaji wake huelewana. Makala haya mafupi yanahakiki neno moja tu la fasili hiyo, nalo ni "huelewana". Hoja yetu ni kwamba kiambishi -an- kinaficha jambo ambalo hisabati nyepesi inaweza kulifichua.

Kauli ya kutendana hudai pande mbili. Tukisema "Asha anaelewana na Juma", tumesema pia kwamba Juma anaelewana na Asha. Tukisema "Asha anamwelewa Juma", hatujasema lolote kuhusu upande wa Juma. Vivyo hivyo, watu wawili wakiwa "wanadaiana" hatujui nani ana deni kubwa zaidi.

Je, uelewa baina ya lugha huwa sawa pande zote? La. Mwaka 1959 Hans Wolff alieleza hali ya Wanembe na Wakalabari wa delta ya Niger nchini Nijeria. Wanembe walisema wanaielewa lugha ya Wakalabari, ilhali Wakalabari walidai hawaielewi ile ya Wanembe. Hapo neno "wanaelewana" lingekuwa si kweli, na "hawaelewani" pia lisingetosha.

Tuchukue mfano wa kubuni wa vikundi vitatu, A, B na C. Kila kikundi kinasikiliza hadithi za vingine na kupewa alama kwa mia. A anamwelewa B kwa 80, lakini B anamwelewa A kwa 50. A anamwelewa C kwa 60, naye C anamwelewa A kwa 40. B na C wanapata 70 kila upande. Msikilizaji akiwekwa kwenye safu mlalo na msemaji kwenye safu wima, tunapata matriksi mraba, yaani jedwali lenye safu mlalo na safu wima zilizo sawa kwa idadi.

Matriksi yoyote ya namna hii hugawanyika katika sehemu mbili, na kwa njia moja tu. Ya kwanza ni sehemu linganifu: chukua namba mbili zinazotazamana, zijumlishe, gawa kwa mbili. A na B wanapata 65, A na C 50, B na C 70. Ya pili ni sehemu kinzani: toa badala ya kujumlisha, kisha gawa kwa mbili. A kwa B ni 15, B kwa A ni -15. A kwa C ni 10, C kwa A ni -10. B na C ni 0. Ukijumlisha sehemu hizo unarudishiwa jedwali lako zima: 65 na 15 ni 80, 65 na -15 ni 50. Hakuna kilichopotea.

Kasoro huanzia pale mtafiti anapochapisha wastani peke yake, katika nusu ya jedwali yenye umbo la pembetatu. Desturi hiyo haina ubaya katika ulinganishaji wa msamiati, kwa kuwa asilimia ya maneno yenye asili moja kati ya Luganda na Lusoga ni ileile uanzapo na Lusoga au Luganda. Sehemu kinzani yake ni sifuri. Lakini kuihamishia desturi hiyo kwenye majaribio ya uelewa ni kuitupa sehemu kinzani kabla ya kuitazama. Mwaka 1977 mwanatakwimu John Gower alionyesha kwamba sehemu hiyo inaweza kuchambuliwa peke yake.

Huenda msomaji akasema kwamba 15 ni ndogo mbele ya 65. Kihesabu ni kweli. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa kikundi B, tofauti ya 80 na 50 ndiyo tofauti ya kufuata somo na kuachwa nyuma. Tukumbuke pia kwamba sehemu kinzani huonyesha mwelekeo, haitaji sababu. Sababu inaweza kuwa mazoea, shule, redio, hadhi au mtazamo.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu. Mwanafunzi aliyekulia Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kisha akasoma vitabu vya Kiswahili sanifu, anaweza kumwelewa mwalimu vizuri, na mwalimu asimwelewe yeye. Mwalimu anayeshikilia "huelewana" ataona kosa katika Kiswahili cha mwanafunzi, kumbe upungufu uko katika sikio lake mwenyewe. Alama zitakatwa upande usiostahili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Mosi, fasili iseme nani anamwelewa nani na kwa kiasi gani, badala ya kusema tu kwamba "wanaelewana". Pili, wanafunzi wetu wanaoandika tasnifu wapime pande zote mbili na kuchapisha jedwali zima. Vikundi vilivyosikiliza viwe vilevile vilivyosikilizwa. Bila hivyo jedwali si mraba, na mgawanyo huu hauwezekani.