Jina la Kijiji

Katika kazi zote za kufukua yaliyopita sijaona iliyo na subira na adabu kama kazi ya mtu atafutaye asili ya wazee wake waliotoka Ujerumani wakavuka bahari kuhajiri Marekani. Kwani wafalme na mashujaa habari zao zimekwisha andikwa na waandishi wa kulipwa, naye huwaacha huko waliko, akamwendea mshona viatu, mfumaji, mtumishi wa shambani, na mtoto aliyeishi siku nne, watu ambao dunia iliwakumbuka kwa kalamu mara chache tu, walipobatizwa, walipooana na walipozikwa.

Sisi wa pwani tumezoea nasaba ikaayo kinywani, au iliyoandikwa katika shajara ikahifadhiwa na mkubwa wa ukoo, ambamo jina la mtu hufuatwa na la baba yake, na la baba wa baba yake, mpaka ulimi uchoke. Mzao wa Mjerumani huko Pennsylvania, Missouri au Texas aghalabu hakurithi mnyororo wa namna hiyo. Alichorithi ni jina la ukoo lililokwisha geuka, Müller likawa Miller na Schmidt likawa Smith, pamoja na neno moja lililoachwa na karani wa hesabu ya watu penye swali la mahali pa kuzaliwa. Neno hilo lenyewe ni fumbo, maana kabla ya mwaka 1871 haikuwako dola moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na falme, himaya za watawala wadogo na miji huru, na karani aliandika Prussia, au Bavaria, au Hannover, akaenda zake nyumba ya pili. Kumwambia mtu kwamba babu yake alitoka Prussia ni kama kumwambia mvuvi kwamba samaki wake yumo baharini.

Kwa hiyo ufundi wote huu huzunguka neno moja, nalo ni jina la kijiji. Daftari la serikali la vizazi, ndoa na vifo lilienea katika dola nzima mwaka 1876, ingawa magharibi ya mto Rhine Wafaransa walikwisha lianzisha mwishoni mwa karne ya 18. Na kabla ya hapo mwandishi alikuwa mchungaji au padre wa mahali, na kitabu chake kilikaa kanisani kwake. Asiyekijua kijiji halijui kanisa, na asiyelijua kanisa hana kitabu cha kufungua.

Mwenye busara haanzi safari yake Ujerumani. Huanza nyumbani, katika Biblia ya familia na barua zilizofungwa kwa uzi. Kisha hati za uraia, mawe ya makaburi, tanzia za magazeti ya Kijerumani yaliyochapwa Marekani, na vitabu vya makanisa yaliyojengwa na wahajiri wenyewe, ambamo mara nyingi mchungaji, kwa kuwa naye alitoka huko huko, alitaja kijiji pale ambapo karani Mmarekani aliridhika na nchi. Na asipoliona jina hilo kwa babu yake, humfuata ndugu wa babu, na shemeji, na mdhamini wa ubatizo, na jirani wa shamba la pili. Kwani wengi wa watu hawa hawakuhama kila mtu peke yake, bali aliyetangulia aliandika barua, barua ikamvuta binamu, binamu akamvuta jirani, hata waliokuwa wakiteka maji kisima kimoja wakajikuta wakilima bega kwa bega ng'ambo ya bahari. Napenda sana hatua hii ya kazi, ambapo mtu hupata asili yake katika maisha ya mtu asiye wa damu yake.

Bandari nazo zina habari zake. Hamburg iliandika abiria wake tangu 1850 hata 1934, na orodha hizo zimesalia, nyingi zikitaja mahali alipotoka abiria. Lakini Bremen, iliyopitiwa na mamilioni, iliziteketeza za kwake mwaka baada ya mwaka kwa kukosa nafasi ya kuziweka, na nyingi za zile zilizokuja kuhifadhiwa baadaye zikapotea katika vita vya pili vya dunia. Sijaweza kulizoea jambo hili. Kabati chache zaidi zingalitosha.

Akiisha kukifikia kitabu, mtafutaji hukabiliwa na mwandiko uitwao Kurrent, wenye herufi za ncha zilizoinama, ambamo e na n hufanana kama mapacha na u hujulikana kwa kialama kilichowekwa juu yake. Shule za Ujerumani ziliacha kufundisha mwandiko wa jamii hiyo mwaka 1941, kwa hiyo hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuzisoma barua za bibi zao. Padre Mkatoliki naye aliandika Kilatini. Tena ndugu watatu huweza kuitwa Johann wote, kwa sababu jina la kwanza lilikuwa la ubatizo na la pili ndilo la kuitwa nyumbani. Na mtoto akifa, aliyezaliwa nyuma yake aliweza kupewa jina lile lile. Mwenye pupa aonapo jina na mwaka huliruka daftari la maziko, akajenga ukoo mzima juu ya kaburi la mtoto mchanga. Fundi hasa husoma maziko kabla ya kufurahi.

Vitabu hivi vimepata kutumiwa kwa dhuluma. Kuanzia 1933 serikali ya Hitler iliwalazimisha watumishi wake, na wengine wengi, kuthibitisha kwa hati za ubatizo za wazazi na mababu kwamba hawakuwa na asili ya Kiyahudi, na ukurasa ulioandikwa kwa kumkaribisha mtoto ukawa chombo cha kuwatenga watu waliokuja kuuawa. Mtu yeyote ashikaye kazi hii yampasa kuyajua hayo, na kuvifungua vitabu kwa nia iliyo safi kuliko ile.

Huko Württemberg makanisa yalianza mwaka 1808 kuweka daftari la kila familia, lenye mistari ya baba, mama na watoto, na nafasi ya kuzaliwa, ya kuoa na ya kufa kwa kila mmoja. Kijana aliyehama aliandikiwa neno Amerika kando ya jina lake, na mara nyingi nafasi ya kifo ikabaki nyeupe, kwa kuwa hakuna aliyerudi kuleta habari. Mtafutaji aliyepita makaburi, tanzia, bandari na herufi zile za ncha huufikia ukurasa huo akiwa na daftari lake mkononi, na ndani yake, iliyonakiliwa kutoka katika jiwe la upande wa pili wa bahari, imo tarehe inayokosekana.