Kitana cha Paa

Januari, jua la Koboko likishakausha hata umande wa alfajiri, mzee jirani yetu huegemeza ngazi ya miti kwenye upenu wa nyumba yake ya msonge, akapanda na kitana. Ndivyo anavyokiita, ingawa ni ufito mrefu wenye meno manne ya mwanzi. Upande ule unaofunikwa na mwembe, nyasi zimeota kuvu ya kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Anaanza kileleni, anashuka. Hakirudishi kitana juu hata mara moja, maana nyasi zimelala kuelekea chini, na anayezichana kinyume huzing'oa. Sauti yake ni ya mama anayemchana mtoto aliyesinzia.

Mahali kitana kinapozama, husimama. Huingiza vidole taratibu katikati ya nyasi, akafumba macho. Vikirudi vikavu, huendelea. Vikirudi na weusi na harufu ya tope, huchomoa nyasi zilizooza peke yake, akapachika fungu jipya na kuligonga kwa kibao hadi lilingane na wenzake. Siku nzima huishia kwenye upande mmoja. Kisha hushuka na kupunguza matawi ya mwembe, kwani majani yanayodondokea paani ndiyo yanayoitunzia kuvu unyevu wake, na kuvu nayo hulizuia paa kukauka baina ya mvua moja na nyingine.

Nikimtazama namkumbuka bibi yangu, nje kidogo ya Arua. Yeye hakupanda paa. Kazi yake ilikuwa chini, penye mafiga. Jioni alikoka moto ndani hata siku ambayo chakula kilikuwa kimeshapikwa kwa shangazi. Moshi ulipanda, ukazunguka kwenye fito, ukajipenyeza ndani ya nyasi na kutokea nje polepole, hata nyumba ikaonekana kama inapumua. Fito ziling'aa kwa masizi. Wadudu hawakukaa, na kuvu haikupata maji ya kunywa. Sisi watoto tulilalamika macho yanawasha. Sare zetu zilinuka moshi darasani. Bibi alijibu kwamba nyumba nayo inakula jioni.

Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, watu wetu wengi walivuka mipaka kuingia Zaire na Sudan, na wengine walikaa huko miaka. Bibi aliporudi aliikuta nyumba yake imesimama. Hakuna aliyeitia moto. Lakini paa lilikuwa shamba: kuvu nene kama godoro, magugu, na mche uliochipua karibu na kilele. Alipoligusa kwa fimbo, likaporomokea ndani, juu ya mafiga yaliyokaa muda wote huo bila moto.

Kule mpakani, Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini, Wakakwa hupaita Salia Musala, yaani mafiga matatu. Sidhani watu wasiothamini jiko wangeipa nchi jina kama hilo.

Siku hizi malori yanashusha mabati kwenye barabara ya lami kutoka Vurra hadi Oraba, na simlaumu anayeyanunua. Moshi uliwaumiza mama zetu vifua na macho. Heri jiko lilipotoka nje. Ninaowalaumu ni sisi tuliobaki na nyasi tukaacha kuzitunza. Tunaezeka mapaa ya mteremko mdogo ili kuokoa nguzo, na maji yanatuama. Tunachoma pori Desemba kabla nyasi nzuri hazijakatwa. Moto wa ndani tumeuondoa, wala hatukuweka kitana mahali pake. Kisha paa likivuja tunasema nyasi hazidumu.

Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, yenye paa la nyasi, yalipoungua Machi 2010, nchi nzima iliomboleza, na mafundi wa ukoo wa Ngeye, wenye jukumu la kuliezeka paa lile, wakaheshimiwa kama inavyostahili. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini paa la mzee wangu halina mlinzi wala kibao cha kulitangaza kuwa urithi, na kinachoendelea huko juu kila Januari ni elimu ileile ya mkono.

Mwaka huu alipomaliza, alikipangusa kitana kwa shati lake, akakichomeka chini ya upenu. Ngazi imepungukiwa vidato viwili. Wanawe wanakaa mjini, kwenye mabati. Nilimwomba mwakani nipande mimi. Akanishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kwa muda mrefu.

"Njoo mapema, mwanangu," akasema. "Kabla hawajachoma nyasi."