Zege laini lenye maji machache: hesabu ya Rusumo

Kwenye maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, Mto Kagera unapopita mpakani mwa Tanzania na Rwanda, zege limetwishwa kazi nzito. Bwawa, handaki la maji na jengo la mitambo ndivyo vinavyobeba mradi wa umeme wa megawati 80 wanaogawana Burundi, Rwanda na Tanzania, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 340 mwaka 2013. Katika kazi ya aina hii nondo husongamana na maji hayachoki kusukuma. Zege lazima lipenye kila kona likiwa laini, kisha ligeuke jiwe.

Hapo ndipo penye mvutano. Fundi akiona zege linakataa kushuka, huongeza ndoo ya maji. Linashuka kweli, lakini saruji huhitaji maji ya takriban robo tu ya uzito wake ili kumenyuka, na karibu asilimia 40 ukijumlisha yanayonaswa humo humo. Yanayozidi hukauka na kuacha vinyweleo, na kila kinyweleo ni nguvu iliyopotea. Mtafiti Duff Abrams alilionyesha jambo hilo nchini Marekani mwaka 1918.

Chukua mita moja ya ujazo yenye kilo 350 za saruji na lita 210 za maji. Uwiano wa maji kwa saruji ni 0.6. Plastisaiza yenye nguvu, yaani kemikali ya kulainisha zege, kilo 3.5 tu, inaweza kupunguza maji kwa robo hadi lita 157.5, ulaini ukabaki ule ule. Uwiano sasa ni 0.45, na nguvu mara nyingi hupanda kwa theluthi au zaidi. Saruji haikuongezwa hata kilo moja!

Siri iko kwenye chembe. Saruji ikiloa hujikusanya madonge na kufungia maji ndani. Plastisaiza hujibandika juu ya chembe na kuzifanya zisukumane. Madonge huvunjika, maji yaliyofungwa huachiwa.

Muda nao hupangwa. Sukari kidogo sana huchelewesha zege kuganda, ikizidi hulizuia kabisa. Handakini mambo hugeuka: zege la kunyunyizia hutiwa kiharakishi ili lishike mwamba upesi. Kalsiamu kloraidi ni kiharakishi rahisi, lakini penye nondo isiguswe, kwa kuwa huleta kutu.

Kipimo cha plastisaiza kikizidi, kokoto huzama na maji hupanda juu. Kwa hiyo kabla ya kumwaga hutumika koni ya slampu ya kupimia ulaini, yenye kimo cha milimita 300, na sampuli za mchemraba huwekwa ili zivunjwe siku ya 7 na ya 28. Kwenye majengo ya kawaida ya Ngara koni hiyo ingefaa kudaiwa kila siku ya kumwaga, maana majibu ya siku ya 28 hufika wakati ukuta wa juu umeshasimama.